Je, Kila Tatizo Lina Suluhisho? Jibu kwa Msomaji Anayemuuguza Mama Yake

Swali: "Mshauri, shikamoo. Mimi ni kitinda mimba katika watoto watatu. Mama yetu ana umri wa miaka 74, na kwa miaka minne sasa amekuwa akipoteza kumbukumbu. Mwaka juzi tuliambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer. Mimi ndiye ninayeishi naye. Kaka zangu wawili hutuma fedha wanapokumbuka, kisha hunilaumu kwa simu kwamba simhudumii inavyopasa. Nimeacha kazi, silali vizuri, na kila jioni mama huniuliza kama baba amerudi kutoka kazini, ilhali baba alifariki miaka 11 iliyopita. Nikimwambia ukweli analia kana kwamba ndiyo kwanza apate habari. Ndugu na marafiki wote hunihimiza kwamba kila tatizo lina suluhisho. Nimelitafuta na sijaliona. Naomba uniambie ukweli: je, ni kweli kwamba kila tatizo katika maisha lina suluhisho? Na kama ni kweli, mimi nakosea wapi?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza.

Umeomba ukweli, basi nianze nao: si kweli kwamba kila tatizo katika maisha lina suluhisho. Yapo yenye suluhisho, yapo ambayo suluhisho lake bado halijaonekana, na yapo ambayo hayana na hayatakuwa nalo kwa yule aliyekutwa nayo. Lakini swali lililonifanya nikae na barua yako kwa siku kadhaa kabla ya kuijibu ni lile la pili, la unakosea wapi, kwa sababu limezaliwa na lile la kwanza. Mtu akishaamini kwamba suluhisho lipo kwa kila jambo, siku anapolikosa hana pa kuelekeza kidole ila kifuani pake: hakutafuta vya kutosha, hakuwauliza waliostahili kuulizwa, hakuomba kwa imani. Kauli iliyokusudiwa kumtia mtu moyo humgeuza kuwa mshtakiwa. Nimeiona ikifanya hivyo mara nyingi mno katika kazi hii ya ushauri nasaha, na kwa miaka mingi sasa siitamki mbele ya mtu anayeuguza.

Hata hivyo, nikiishia hapo nitakuwa nimekupa ukweli usiokufaa kitu. Barua yako, ambayo hapo juu nimeifupisha, niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na kila nilipokutana na neno "suluhisho" nililipigia mstari. Nilihesabu mistari tisa. Kisha nikarudi mwanzo na kujiuliza kila mstari unazungumzia nini hasa. Mmoja ulikuwa ukiomba dawa ya ugonjwa wa mama. Mitatu ilikuwa juu ya kaka zako. Mmoja ulihusu usingizi wako, na miwili ilihusu fedha na kazi uliyoiacha. Miwili iliyobaki, ambayo nadhani hata wewe hukuiona ulipokuwa ukiandika, haikuwa ikiomba kitu chochote kinachoweza kutafutwa. Ilikuwa ikimlilia mama aliyekuwapo zamani.

Tunapata shida hii kwa sababu tumelibebesha neno moja mizigo ya maneno mengi. Kiswahili chenyewe hakikuanza hivyo. Tatizo ni kile kinachotatiza, na mzizi wake ni tata, ile hali ya nyuzi au nywele zilizosokotana hata usijue pa kuanzia. Kinyume chake ni kutatua, yaani kuachanisha uzi mmoja mmoja. Ufumbuzi una ukoo mwingine: hufumbuliwa kile kilichofumbwa, kama jicho au fumbo, maana jibu limo ndani tayari na kinachotakiwa ni kulifikia. Suluhisho nalo ni mtoto wa suluhu, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, lenye maana ya amani baina ya watu waliohitilafiana. Ndiyo maana hata leo mechi iliyokwisha bila bao huitwa suluhu, hakuna aliyeshinda lakini mchezo umekwisha na watu wanarudi makwao. Uzi uliotatana, jambo lililofichika, watu walioshindwa kuelewana: hayo ndiyo mambo matatu ambayo maneno yetu yaliundwa kuyashughulikia. Msiba haumo. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba anakwenda kuutatua msiba wa jirani. Huenda kuhani, husema pole, hukaa. Ugonjwa usiopona nao haumo, na kwa huo lugha ilitenga kitenzi chake ambacho si kutibu wala kuponya, nacho ni kuuguza. Nitakirudia.

Najua kuna watakaokujibu kwa methali kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Ni methali ya kweli, ila isomwe kama ilivyo. Imeahidi ncha, haikuahidi suluhisho, na mambo mengi marefu hufika nchani bila ya mtu yeyote kuyatatua.

Mahali ambapo swali lako limeulizwa kwa ukali kuliko kwingine kote ni katika hisabati, na nakuomba uvumilie nikupitishe huko kidogo, kwa kuwa ndiko nilikojifunza tofauti ambayo imenisaidia zaidi katika kazi yangu. Wagiriki wa kale walijiuliza kama inawezekana, kwa rula isiyo na vipimo na bikari peke yake, kuchora mraba wenye eneo sawasawa na la duara fulani, na kama inawezekana, kwa vifaa hivyohivyo, kuigawa pembe yoyote katika sehemu tatu zilizo sawa. Watu walihangaika na maswali hayo kwa zaidi ya miaka 2000. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilikuwa ikiletewa majibu mabovu mengi kiasi kwamba mwaka 1775 iliamua kutoyapitia tena, jambo ambalo mimi hulionea huruma kila ninapolikumbuka, kwani walichoka kabla ya kujua kwamba walikuwa na haki ya kuchoka. Uthibitisho ulikuja baadaye: mwaka 1837 Pierre Wantzel alionyesha kwamba kuigawa pembe yoyote kwa namna hiyo hakuwezekani, na mwaka 1882 Ferdinand von Lindemann akaonyesha kwamba mraba ule hauwezi kuchorwa. Hawakusema kwamba ni vigumu, wala hawakusema kwamba tumsubiri atakayezaliwa na akili zaidi. Walithibitisha kwamba hakuna mtu, popote, wakati wowote, atakayeweza. Kwa hiyo hata katika ulimwengu wa maumbo na namba, ambamo hakuna ugonjwa wala kaka wanaopiga simu, yapo maswali yasiyo na jibu la aina iliyoombwa.

Lakini huko huko kuna funzo la upande wa pili. Karibu na mwaka 1637 Pierre de Fermat aliandika pembezoni mwa kitabu kwamba amepata uthibitisho wa kauli fulani kuhusu namba, ila nafasi ya kuuandika haikutosha. Hakuna aliyeupata uthibitisho huo hadi mwaka 1994, alipoukamilisha Mwingereza Andrew Wiles. Mtu ambaye mwaka 1900 angesema kwamba swali hilo halina ufumbuzi angekuwa amekosea, ingawa kwa zaidi ya karne mbili na nusu hakuna aliyekuwa ameliweza. Sarufi yetu ina mahali pazuri pa kuiweka tofauti hii: swali la Fermat lilikuwa halijatatuliwa, lile la pembe halitatuliki. Katika neno la kwanza kuna -ja-, inayosema bado. Katika la pili kuna kauli ya kutendeka, inayosema haiwezekani. Watu wanaoumia hulitumia moja mahali pa jingine, wengine kwa kukata tamaa mapema mno, wengine kwa kuendelea kutafuta pale ambapo kutafuta kwenyewe kumekuwa ndio ugonjwa wa pili.

Maisha hayatupi uthibitisho kama wa Wantzel. Hutupa dalili, na dalili hupimwa. Tuanze basi na ule mstari wa dawa.

Alois Alzheimer, daktari Mjerumani, aliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen mwaka 1906, hivyo zaidi ya karne moja imepita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, yaani ule udhaifu wa ubongo unaoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hatua kwa hatua, na ugonjwa wa Alzheimer unachangia kati ya asilimia 60 na 70 ya hali hizo. Dawa zipo. Donepezil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa kiasi na kwa muda. Lecanemab, iliyopata idhini kamili huko mwaka 2023, hupunguza kasi ya ugonjwa kwa walio katika hatua za mwanzo, nayo huhitaji uangalizi wa karibu kwa kuwa inaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu. Hakuna hata moja inayorudisha kilichokwisha kupotea. Ukiniuliza kama ugonjwa wa mama una tiba, nitakujibu kwa -ja-: haijapatikana. Lakini ukiniuliza kama itapatikana kwa wakati wa kumfaa mama yako, baada ya miaka minne ya ugonjwa kuendelea, nitakujibu kwamba sitarajii. Jibu hilo la pili ni gumu kulitoa, na wengi wetu tulio katika fani hii hujificha nyuma ya lile la kwanza.

Ushindi mkubwa kabisa wa tiba unaweza usimfikie aliye kitandani. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, mwezi Oktoba 1977, na mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imetokomezwa duniani. Ilitokomezwa kwa chanjo na kwa kuwatenga wagonjwa, si kwa dawa ya kumponya aliyekwisha kuugua, maana dawa ya namna hiyo haikuwapo. Maalin alipona mwenyewe. Wengi waliomtangulia hawakupona. Tatizo la ulimwengu lilitatuliwa, la wao halikutatuliwa, na mambo hayo mawili yalitokea kwa wakati mmoja.

Sasa, kabla hatujauacha mstari huu, kuna kazi moja ya kufanya, kwa sababu ndani ya jambo lisilotatulika mara nyingi hujificha mambo yanayotatulika yakajifanya sehemu yake. Si kila kusahau kwa mzee ni Alzheimer, na hata aliye na Alzheimer anaweza kuwa na kingine juu yake. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni inayofanya kazi kwa ulegevu, sonona, baadhi ya dawa za usingizi na za mzio, damu iliyovilia kati ya fuvu na ubongo baada ya kuanguka: yote haya huvuruga akili, na yote yana matibabu. Kama vipimo hivyo havikufanyika mwaka juzi, omba vifanyike. Zaidi ya hapo, demensia huteremka polepole. Ukiona mama amebadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu, anaweweseka au amezubaa kuliko kawaida yake, usiseme ni ugonjwa wake uleule. Maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu huanza hivyo kwa wazee, wakati mwingine bila homa yoyote, na hayo hutibika. Nimewahi kumwona mzee aliyekuwa amekatiwa tamaa na jamaa zake wote, aliyekuwa hazungumzi tena, akarudi kuwataja wajukuu zake kwa majina baada ya kusafishwa nta masikioni na kupewa kifaa cha kusikilizia. Ugonjwa wake wa kusahau ulibaki palepale. Ila kumbe nusu ya ukimya wake haikuwa kusahau, ilikuwa ni kutosikia.

Kati ya kutatulika na kutotatulika kuna eneo pana la tatu, ambalo kwa kweli ndiko wengi wetu tunakoishi. Mwezi Januari 1922 mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini mjini Toronto, akiwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwayo. Hakupona kisukari, na hadi leo insulini haimponyi mtu. Alichopata ni miaka mingine 13, ambayo kabla ya sindano ile hakuna aliyekuwa na ugonjwa wake angeithubutu kuiota. Mambo ya eneo hili hayatatuliwi mara moja yakaisha. Husimamiwa leo, na kesho yakasimamiwa tena. Anayeyakabili akitafuta siku ya kuyamaliza atajiona ameshindwa kila siku, ilhali anayahimili vizuri.

Mistari mitatu ya kaka zako inahitaji suluhu kwa maana yake ya asili, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa naona ndipo umekata tamaa mahali ambapo hapakupasa kukatwa. Umeandika kwamba hawatabadilika. Huenda. Lakini mwaka 1967 wanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman na Steven Maier walieleza jaribio ambalo fani yetu haijalisahau: mbwa waliopewa mshtuko wa umeme ambao hawakuweza kuuzuia kwa lolote walipowekwa baadaye mahali ambapo wangeweza kuuepuka kwa kuruka kizuizi kifupi tu, wengi wao walilala chini na kuuvumilia. Mwaka 2016 watafiti haohao waliyasahihisha maelezo yao wenyewe, jambo la kuheshimika, wakasema kwamba kulala chini si kitu ambacho mbwa walijifunza. Ndiyo hali ya mwili unaoumizwa kwa muda mrefu, na kinachojifunzwa ni kutambua kwamba kitendo chako kinaleta tofauti. Wewe umeumizwa kwa miaka minne. Ukiniambia kwamba hakuna linalowezekana kwa kaka zako, siwezi kujua kama unaniambia habari zao au za uchovu wako.

Fikiria wanachokiona wao. Kaka anapopiga simu, mama hujikaza. Watu wenye ugonjwa huu huweza kujikusanya kwa muda mfupi mbele ya mgeni au kwenye simu: hucheka, huuliza hali za watoto, husema yeye hajambo kabisa. Baada ya dakika tano simu inakatwa, kaka anabaki na sauti ya mama aliye mzima, na wewe unabaki na mama aliyechoka kwa kujikaza ambaye jioni hiyo atakuwa mgumu maradufu. Lawama zake zinatokana na ushahidi, ila ni ushahidi wa dakika tano. Hutamshinda kwa kumweleza zaidi. Mwombe aje akae na mama usiku wa siku mbili, wewe ukiwa haupo, na usimwandalie kila kitu. Kisha omba mambo yanayoweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. "Nisaidieni" ni ombi ambalo mtu anaweza kulikubali bila kufanya chochote. "Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mama atakuwa nawe" ni ombi jingine. Vivyo hivyo kwa fedha: kitajwe kiasi, itajwe na tarehe.

Na usitarajie makubaliano hayo yadumu. Horst Rittel na Melvin Webber, waliokuwa wakifundisha mipango miji na usanifu huko California, waliandika mwaka 1973 kwamba matatizo ya jamii hayatatuliwi yakaisha, bali hutatuliwa upya tena na tena, kwa sababu hayana alama inayoonyesha kwamba sasa yamekwisha. Wao walikuwa wakifikiria barabara na makazi, lakini familia yenye mgonjwa ni mfano mzuri kuliko mingi waliyoitoa. Hali ya mama itabadilika na mpango wenu utavunjika. Mtakaa tena.

Usingizi, fedha na kazi ni nyuzi za kuachanishwa, na sitazirefushia maneno: ukipata hata usiku mmoja kwa wiki wa kulala nje ya chumba cha mama, mwingine akiwa zamu, mengine yataanza kufikirika, kwa sasa unajaribu kuyafikiria ukiwa na akili isiyolala, na akili isiyolala huona kila kitu kuwa hakitatuliki.

Inabaki ile mistari miwili. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, alianza miaka ya 1970 kwa kuzichunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, ambao hawakurudi wala miili yao haikupatikana. Aliona kwamba huzuni ya familia hizo haikufuata njia inayojulikana, kwa kuwa haikuwa na mahali pa kuanzia. Aliipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita upotevu usio bayana, na baadaye akaonyesha kwamba ina sura ya pili, ambamo mtu yupo kwa mwili lakini ametoweka kwa akili; demensia akaiweka humo. Nilipoisoma barua yako nilimkumbuka. Wewe umefiwa na mtu ambaye bado unampikia. Hakuna anayekuja kukuhani, kwa kuwa hakuna aliyefariki, na wewe mwenyewe unajizuia kulia kwa kuwa kulia ungali unamwogesha kunaonekana kama kumwombea kifo. Kwa hiyo machozi yakachukua umbo la kutafuta: daktari huyu, dawa ile, video hii, mtu yule anayesifiwa.

Boss hawaambii watu kama wewe kwamba wayamalize na kuendelea na maisha. Huwaelekeza kushika fikra mbili kwa pamoja bila kuilazimisha mojawapo ishinde: mama yupo, na mama hayupo. Si suluhisho. Ni namna ya kusimama pasipo na suluhisho, nayo ni ngumu zaidi kuliko inavyosikika, maana akili hupenda moja. Na kukubali ninakokukusudia hapa ni kitendo kidogo kuliko watu wanavyokihubiri: hakuhitaji uridhike wala ushukuru, kunahitaji tu uache kulitafuta suluhisho la mistari mitatu kati ya tisa, ule wa dawa na hii miwili, ili mikono ipate nafasi ya kushika ile sita.

Kwa sababu hiyo nina neno kali kidogo kuhusu wanaokuuzia tiba, ambao barua yako inawataja wawili. Kauli kwamba kila tatizo lina suluhisho ndiyo mtaji wao. Bila hiyo hawana biashara. Mtu akikuletea dawa ya kurudisha kumbukumbu za mama, mwulize swali moja: ikishindwa, tutajuaje kwamba ni dawa iliyoshindwa? Daktari mkweli atakutajia muda na kipimo, atasema tujaribu kwa miezi kadhaa, tusipoona tofauti hii na hii tutaacha. Mwingine atakujibu kwamba ikishindwa utakuwa umevunja masharti au hukuwa na imani. Huyo wa pili ondoka kwake, kwa kuwa amekwisha kuandaa mapema mahali pa kuitupia lawama, na mahali penyewe ni wewe.

Nimeliacha mwisho swali la mama la kila jioni, ingawa naamini ndilo lililokufanya uandike. Umelihesabu kuwa tatizo, umelitafutia suluhisho, na suluhisho ulilolipata ni kumwambia ukweli. Kimantiki hukukosea. Lakini ukweli huo hauwezi kukaa kichwani mwake. Anaupokea, anafiwa, analia, anausahau, na kesho yake unamfisha baba upya. Fadhaa ya jioni ni jambo linalojulikana katika ugonjwa huu: nuru inapopungua, uchovu wa siku unapomlemea na vivuli vikabadili sura ya chumba, mgonjwa hutafuta kitu cha kumtuliza, na mama yako kwa miaka mingi alitulizwa na hatua za mtu mmoja mlangoni. Anapouliza kama baba amerudi hatafuti habari. Hapo ndipo kile kitenzi nilichosema nitakirudia kinapofanya kazi, kwa sababu swali lake halitaki kutatuliwa wala kufumbuliwa, linataka kuuguzwa.

Najua dhamiri yako haitakuruhusu kumdanganya, na sikuombi umdanganye. Kesho mtembeze nje kidogo mchana, asinywe chai wala kahawa kuanzia alasiri, na uwashe taa kabla giza halijaanza kuingia. Keti mahali anapoweza kuuona uso wako. Akikuuliza kama baba amerudi, usimwambie kwamba amefariki, na usimwambie kwamba yuko njiani. Mwulize wewe: "Mama, baba alikuwa akirudi saa ngapi?" Kisha nyamaza, hata kama atachukua muda mrefu, umsikilize. Niandikie alichokujibu.